Harusi Yako Bado Iko Kwenye DVD? Ihamishe Mapema

Leo hatuongelei wivu, wala mawifi, wala mume anayerudi usiku wa manane na harufu asiyoweza kuieleza. Tunaongelea kabati la TV. Ndiyo, kabati! Kwenye droo ya chini, katikati ya rimoti zilizokufa na chaja zisizo na mwenyewe, wengi wetu tumehifadhi kitu kisichouzwa duka lolote: DVD ya harusi, ya sendofu, ya kicheni pati, ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, au ya arobaini ya bibi.

Swali langu ni dogo tu. Mara ya mwisho mmeiangalia lini? Na leo hii mkitaka kuiangalia, deki mnayo?

DVD iliingia sokoni kwa mara ya kwanza huko Japani, Novemba 1996. Kwetu ilikuja ikaziondoa kaseti taratibu, mpaka ikafika mahali ukimwita mtu wa video kwenye sherehe unajua utakabidhiwa diski tatu zenye picha ya maharusi na maua pembeni. Tukaona tumefika! Leo kompyuta mpakato nyingi zinauzwa bila sehemu ya kuingiza diski. Hata Netflix ya Marekani, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilituma diski yake ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023.

Na tatizo si deki peke yake, diski yenyewe inazeeka. Ina unene wa milimita 1.2 tu, vipande viwili vya plastiki vilivyogandishwa pamoja. Sinema za dukani hupigwa chapa kiwandani, lakini ile ya harusi yako ilichomwa na mtu wa video kwenye kompyuta yake. Yaani mwanga wa leza ulichora alama kwenye tabaka jembamba la rangi maalumu. Rangi hiyo haipendi joto, haipendi jua, haipendi unyevu. Sasa jiulize, sisi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa tuna nini kingine zaidi ya hivyo vitatu?

Mimi nilifanyiwa sendofu Desemba 2012. Baba yangu alifariki mwaka 2019, na katika ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kumrekodi akiongea isipokuwa mtu wa video wa siku ile. Mzee alisimama akatoa nasaha kwangu na kwa bwana harusi, dakika kama kumi na moja hivi. Sauti yake yote duniani iko hapo, kwenye diski ya pili kati ya tatu. Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Muscat akanipigia: “Dada, nitumie sauti ya baba kwenye simu, wanangu hawamjui.” Nikamwambia ngoja nikuhamishie. Jamani, kazi hiyo ilichukua wiki tatu!

Kompyuta yangu haina mlango wa diski, kwa hiyo nikanunua draivu ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya wa USB. Nikaingiza diski, nikaifungua, nikitegemea kukuta faili moja limeandikwa “sendofu”. Wapi! Nikakuta folda inaitwa VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya majina ya ajabu yanayoishia na VOB, IFO na BUP. Ukibofya VOB la kwanza unaona maandishi ya kuchagua tu. Ukibofya la pili wageni wanaingia ukumbini. La tatu linaanzia katikati ya sentensi ya MC.

Kumbe ndivyo DVD ilivyopangwa. Picha yenyewe imekatwa vipande, kila kimoja kisichozidi GB 1. IFO ni ramani inayoiambia deki kipande kipi kifuate kipi, na BUP ni nakala ya akiba ya ramani hiyo. Ndiyo maana ukibadili VOB moja moja unapata video iliyokatwakatwa, na maneno yanamezwa pale vipande vinapokutana. Dawa ni kuipa programu folda nzima ya VIDEO_TS, ijisomee ramani yenyewe.

Programu niliyotumia inaitwa HandBrake. Ni ya bure, na kazi yake ni kuichukua picha ya DVD, iliyobanwa kwa mtindo wa zamani wa MPEG-2, na kuibana upya iwe MP4 ambayo simu yoyote inaifungua. Humo ndani kuna mipangilio iliyoandaliwa tayari. Kwa DVD za kwetu, ambazo nyingi ni za PAL, yaani mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, mpangilio wa “Fast 576p25” unafaa. Usidanganywe na mtu akakwambia uchague 1080 ili picha iwe “HD”. Kilichorekodiwa kwa mistari 576 hakizai mistari mingine, kinaongezeka uzito tu, kama sisi baada ya fungate!

Jaribio la kwanza likatoka na kasoro moja. Kila mtu akicheza muziki, mikono yake inaota michirizi kama meno ya kitana. Michirizi hiyo inatokana na kamera za wakati ule, zilizokuwa zikirekodi nusu ya mistari kwanza, halafu nusu nyingine. TV za kichogo zilikuwa hazina shida na hilo, ila kioo cha simu kinaonyesha nusu zote mbili kwa pamoja. HandBrake ina kichujio kinachoitwa Decomb. Hakikisha kimewashwa na michirizi itaondoka.

Jaribio la pili picha ikawa safi, lakini kwenye simu ya mdogo wangu haikutoa sauti. Hapo nilitaka kulia. DVD nyingi hutumia sauti ya AC3, na si kila simu inaielewa. Chagua AAC kwenye sehemu ya sauti, mambo yatakwisha. Diski yangu ya saa moja yenye GB 4 ikatoka MP4 isiyofika hata GB 1, na macho yangu hayakuona tofauti.

Muda wote huo baba watoto anapita nyuma yangu na kikombe chake cha chai. “Mama watoto, si umpelekee yule kijana pale stendi? Elfu tano tu anamaliza.” Nikamwambia sawa, lakini diski ya kwanza unaijua ina nini? Akanyamaza. Diski ya kwanza ni kicheni pati. Na wewe dada unajua shangazi zetu na masomo wetu wanavyofunda wakishajua wanaume wametoka. Hayo si ya kuachwa kwenye kompyuta ya kibanda ambayo kila mteja anakuja na flashi yake. Kama huna budi kumpa fundi, kaa hapo hapo mpaka amalize, na ahamishie moja kwa moja kwenye flashi yako wewe. Wapenzi waliojirekodi mambo yao ya chumbani, sisemi kitu, mmenielewa.

Ikaja zamu ya diski ya pili, ile ya baba. Draivu yangu ikaizungusha, ikakoroma, ikaitema. Nikaisafisha kwa kitambaa laini cha pamba, kutoka tundu la katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usisugue kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoisumbua leza zaidi. Na zile habari za kupaka dawa ya meno achana nazo, dawa ya meno ina chembe zinazosugua. Ikagoma tena. Kwa siku nne sikulala vizuri, na sikumwambia mdogo wangu.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa ofisini, aliyekuwa na kompyuta ya zamani yenye draivu yake ndani. Diski ileile, kitambaa kilekile, ikasoma! Draivu hazifanani macho, na inayokataliwa na moja inaweza kukubaliwa na nyingine. Kwa hiyo usiitupe diski kabla hujaijaribu kwenye mashine mbili tatu. Sikubadili chochote mle ndani. Nilinakili kwanza folda nzima, kisha nikaifanyia kazi nakala, ili diski isizunguke tena bila sababu.

Mzee akatokea, na suti yake ya kijivu na kikohozi chake kile cha kabla ya kusema jambo zito. Lakini dakika ya saba picha ikaganda, rangi zikatapakaa kama vigae vilivyovunjika, na sauti ikapotea kwa sekunde kama arobaini. Mashine nyingine mbili nazo zikafia papo hapo. Alama kwenye diski zilikuwa zimeshafifia.

Nikamuuliza baba watoto, “Mzee alisema nini pale?” Akajibu bila kufikiri, “Aliniambia nikikasirika nizunguke nyumba mara tatu kabla sijafungua mdomo.” Mimi ninachokumbuka ni kwamba alimwambia akinichoka asinirudishe kwa simu, anilete mwenyewe kwa mkono kama alivyonichukua. Tukabishana mpaka tukampigia mama. Mama akacheka sana. “Hayo yote aliyasema, tena alikuwa anawaambia wakwe zake wote. Alimalizia na kwamba mke hapigwi.” Tumeyaandika maneno hayo kwenye karatasi, yanakaa pamoja na video. Na nikaelewa kitu kuhusu mwenzangu. Miaka yote nilikuwa nikijiuliza kwa nini tukigombana anatoka nje kuzunguka nyumba. Nilidhani ni dharau.

Ndiyo maana nimeileta habari hii kwenye safu ya mapenzi. Ukaeni wawili kuiangalia harusi yenu si mambo ya kizamani. Mle ndani kuna ahadi mlizopeana mbele za watu, na kuna wazee waliowatuma kazi. Wanandoa wengi wananijia na malalamiko kwamba “tumekuwa kama wapangaji.” Jaribuni jioni moja na video hiyo kabla hamjaenda kwa mshauri.

Najua pia wapo wasomaji ambao ndoa hiyo haipo tena. Dada yangu, kaka yangu, ukiwa na hasira usiivunje diski. Mle ndani hamkuwa wawili tu. Kuna bibi na babu wa watoto wako wakicheza, na watoto wana haki ya kuwaona. Hamisha, mpe mtu wa tatu akuhifadhie, usiitazame mpaka moyo upoe.

Sasa ya kukumbuka. Kama yako ni VCD na si DVD, utakuta folda la MPEGAV lenye faili la DAT. Programu ya bure ya VLC hulifungua. Ukitaka kuhifadhi picha ileile bila kuibana upya, MakeMKV huitoa ilivyo na kuiweka kwenye faili la MKV. Litakuwa kubwa, lakini hilo ndilo la kuweka akiba, na MP4 ndiyo ya kutumiana. Weka nakala tatu, moja nyumbani, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na moja kwenye hifadhi ya intaneti. Flashi peke yake haitoshi, inapotea kama hereni. Na diski ya asili usiitupe, isimamishe kwenye kasha lake mbali na dirisha.

Nasisitiza, nazungumzia diski zako mwenyewe. Sinema za dukani nyingi zina kufuli, na HandBrake haikuja na ufunguo. Tena Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Filamu nyingi za enzi za hayati Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, zilitufikia majumbani kwa diski, na tunalalamika kila siku kwamba wasanii wetu hawapati kitu. Kuzihamisha na kuziuza kwenye flashi mia mia ni kuwala wasanii haohao.

Basi mpenzi msomaji, Jumamosi hii, nguo zikishaanikwa, fungua ile droo. Chagua diski moja tu, ile ambayo ndani yake kuna mtu asiyekuwepo tena, uanze na hiyo. Za ukumbi na keki zitasubiri. Mwezi ujao tunarudi kwenye mawifi, maana barua zenu zimejaa mezani. Mungu akipenda tutaonana.