Mchezo Uliotungwa Nakivale Uuzwe kwa Jina la Nani?

Tangu mwezi wa Septemba 2003, ilipofungua kampuni ya Kimarekani iitwayo Valve duka lake la mtandaoni la Steam, biashara ya michezo ya kompyuta imekuwa ikiacha makasha na visahani na kuhamia katika intaneti, hata leo kijana anayetaka mchezo haendi sokoni bali huupakua katika mashine yake akiwa ameketi kwake, wala aliyeutunga hana haja ya kiwanda cha kuutengenezea nakala wala meli ya kuupelekea ng'ambo. Wajuzi wengi wa mambo haya husema kwamba duka la namna hiyo limewasawazisha watungaji wote, wa mji mkuu na wa kijijini, wa Ulaya na wa Afrika. Nawaheshimu wasemao hivyo, lakini nikiipima kauli yao kwa hali ya Nakivale naiona kuwa ni nusu ya kweli, na nusu iliyosalia ndiyo iliyonishurutisha kuandika.

Makazi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, kusini-mashariki ya jiji la Mbarara. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Watutsi waliokimbia Rwanda wakawa wakazi wake wa mwanzo, na leo ni miongoni mwa makazi makongwe kabisa ya wakimbizi barani Afrika, yamekusanya Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea zaidi ya laki moja, na Kiswahili cha Kivu husikika humo asubuhi hata jioni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufanya kazi, kuchuma na kutembea nchini, na kwa hilo Uganda inastahili sifa ambazo mataifa mengi yenye mali kuliko yeye hayajazistahili. Basi kijana wa Nakivale akitunga mchezo akataka kuuza, hakuna askari wala kadhi wa nchi hii atakayemzuia. Vizuizi vyake viko kwingine.

Wala asiniambie mtu kwamba akili za kazi hiyo hazipatikani kambini, maana tunao ushahidi uliotoka Uganda hiihii. Lual Mayen, aliyezaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita vya Sudan, alilelewa katika kambi ya kaskazini mwa nchi. Mama yake alidunduliza miaka mitatu hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, na mwanawe, kwa kuwa kwao hapakuwa na umeme, akawa anatembea mwendo wa masaa matatu kwenda kuichaji, akajifundisha mwenyewe kuandika programu, kisha akatunga mchezo wa amani aliouita Salaam. Aliuonyesha ulimwengu kwa njia ya Facebook. Mwaka 2018 alitunukiwa mjini Los Angeles katika sherehe za The Game Awards, mbele ya wakubwa wote wa sanaa ile. Nafurahi kila niisomapo habari hiyo, lakini furaha yangu huingia majonzi ninapokumbuka kwamba heshima hiyo ilimfikia akiwa amekwisha kuhamia Marekani, na kampuni yake, Junub Games, makao yake yako Washington. Kipaji kililelewa Uganda. Biashara yake ilipata maskani Marekani. Nani atahesabu wale ambao hawakubahatika kusafiri?

Tazama sasa masharti ya duka lenyewe, kwa sababu ndiyo kiini cha maneno yangu. Steam ni mfano wa bandari kuu yenye forodha: chombo chochote chaweza kutia nanga, bali bidhaa haitoki mpaka ada ilipwe na hati zitimie. Mtungaji hutoa kwanza dola 100 kwa kila mchezo, nazo hazirudi mpaka mchezo umeingiza dola 1,000. Yapasa awe na akaunti ya benki kwa jina lake halali, ajaze hati za kodi za Marekani, na athibitishe kuwa yeye ndiye yeye. Mtu ambaye hati yake ya pekee ni karatasi ya familia iliyotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu aghalabu hukwama hapo, kabla mchezo wake haujaonwa na mnunuzi hata mmoja. Na akivuka, hesabu yake ni hii: mchezo wa dola 10 ukinunuliwa na Mmarekani, duka hukata dola 3, na katika zile 7 zilizobaki huzuiwa asilimia 30 kuwa kodi ya Marekani, kwa kuwa Uganda haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, hata zikamfikia mwenye jasho dola 4 na senti 90, tena mpaka jumla yake itimie dola 100 ndipo zitumwe. Lililo zito zaidi kwangu ni kwamba tangu 2018 sehemu ya duka hupungua hadi asilimia 25 mchezo ukipita mauzo ya dola milioni 10, na hadi 20 ukipita milioni 50. Tajiri hupunguziwa, mnyonge hulipa kamili. Sioni insafu katika kanuni hiyo.

Kwa upande wa wanunuzi sina maneno mengi. Bei kwa dola ni nzito kwa mwenye kipato cha shilingi, bando linatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na michezo mikubwa hula gigabaiti makumi. Hata hivyo tangu 2023 Steam imeruhusu kompyuta moja kuinakilia nyingine mchezo kwa mtandao wa ndani ya nyumba, bila kuupakua upya, na jambo hilo ni rehema kwa kila mahali penye mashine nyingi na bando chache.

Ninayoomba si kompyuta za hisani wala semina nyingine ya siku tatu. Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanzishwa 1989, chenye kitivo cha kompyuta, chenye benki, mhuri na jina linalotambulika popote. Chuo hicho na kifungue akaunti moja ya mchapishaji katika Steam, kilipe zile dola 100 kwa ajili ya kila mchezo utakaopitishwa na walimu wake, uwe wa mwanafunzi wa mjini au wa kijana wa Base Camp huko Nakivale, na fedha zikirudi kiwalipe watungaji kwa simu, kwa kuwa tangu 2019 Tume ya Mawasiliano imeruhusu wakimbizi kusajili laini kwa hati zao za ukimbizi. Kwa michezo midogo kitumie pia itch.io, duka la tangu 2013 lisilodai ada ya kuingia, ambalo humwachia muuzaji kuamua mwenyewe fungu la kulipa duka. Huko nako malipo hupita kwa mawakala wa fedha wenye kudai hati, na chuo hati kinazo.

Najua nitaulizwa: watu waliopunguziwa posho ya chakula wafikiriwe michezo? Nami nasema kwamba posho hupunguzwa kwa uamuzi wa wafadhili walio mbali, na ndiyo sababu mtu mwenye sanaa ya kuuzika aondolewe kwa haraka vizuizi vilivyo mbele yake. Hofu yangu mimi ni nyingine. Taasisi kubwa zikiushika mkono wa mdogo huweza pia kuishika mali yake, kwa hiyo mkataba uandikwe kabla ya mchezo kupakiwa, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, utaje kwamba hakimiliki ni ya mtungaji, kwamba chuo hakichukui zaidi ya gharama zake, na kwamba mtungaji akipata makazi mapya Kanada au Norwe, kama wapatavyo baadhi ya watu wa Nakivale kila mwaka, mchezo na mapato yake vitahamishiwa katika akaunti yake huko mara atakapoomba, bila ada na bila kusubirishwa.