Daktari Katika Baraza la Mji



Wako wenzetu wasemao kwamba kazi ya daktari ni hospitali, na kazi ya baraza la mji ni siasa, wala haifai mtu mmoja kuyachanganya mambo hayo mawili. Maneno haya yaonekana kuwa ya busara, lakini sisi hatuyakubali. Twawaletea habari za daktari mmoja, kila mtu apime mwenyewe.

Daktari Chuni Lal Katial alizaliwa Punjab, Bara Hindi, mwaka 1898. Alifika Uingereza mwaka 1927, akafanya kazi ya udaktari katika Canning Town, mashariki ya London, mahali pa wafanyakazi wa bandari. Ni nyumbani kwake, mwaka 1931, Mahatma Gandhi alipokutana na Charlie Chaplin. Baadaye alihamia Finsbury, karibu na katikati ya mji ule. Huko nako kulikuwa na maskini wengi. Walijazana katika nyumba kuukuu, zenye unyevu na giza. Maradhi ya kifua yalikuwa mengi, na kunguni vilevile.

Sasa fikirini, ndugu. Mgonjwa wa kifua kikuu aenda kwa daktari, atazamwa, aambiwa apumue hewa safi. Jioni arudi wapi? Arudi katika chumba kile kile, na watoto walala karibu naye. Sisi wa reli twalijua jambo hili. Ukitengeneza gurudumu na huku njia imepinda, behewa litarudi karakana kesho. Lazima mtu ainyoshe njia.

Lakini daktari hana amri juu ya nyumba za watu, wala mifereji, wala fedha za mji. Amri hiyo ni ya baraza. Kwa hiyo mwaka 1934 Daktari Katial alichaguliwa kuwa diwani wa Finsbury kwa chama cha Labour, chama kilichoanzishwa mwaka 1900 kwa msaada mkubwa wa vyama vya wafanyakazi. Akawa mwenyekiti wa kamati ya afya.

Zamani huduma za afya za mtaa ule zilitawanyika huku na huku. Kamati yake ilizikusanya chini ya paa moja. Mwezi wa Oktoba 1938 kilifunguliwa Kituo cha Afya cha Finsbury. Ndani yake mlikuwa na kliniki ya kifua kikuu, kliniki ya wanawake, mahali pa meno, mahali pa miguu, na mahali pa kusafisha nguo na matandiko yenye wadudu. Watu wa mtaa walitibiwa bila kulipa, na ilikuwa miaka 10 kabla ya Uingereza nzima kupata matibabu ya bure, mwezi wa Julai 1948. Mwaka ule ule wa 1938 Daktari Katial akawa meya wa Finsbury. Alikuwa mtu wa kwanza wa asili ya Bara Hindi kuwa meya katika Uingereza.

Baada ya vita alirudi kwao, akawa mkuu wa shirika la bima ya wafanyakazi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1948. Katika bima hiyo mfanyakazi hutoa fungu lake, na mwajiri naye hutoa lake.

Msiseme kwamba daktari huyu alifanya haya peke yake. Bila kura za watu wa Finsbury angebaki na mkoba wake wa dawa, akitibu mmoja mmoja mpaka uzee. Tena cheo cha udaktari peke yake si dawa. Msomi aweza kuingia barazani akajali kiti kuliko wagonjwa. Mtazameni kwa kazi yake.

Hapa Kenya, tangu mwaka 2013, zahanati, hospitali za kaunti, uzoaji wa takataka na mifereji ya mji ni kazi ya serikali za kaunti. Na Katiba ya mwaka 2010 yatupa haki ya kusema kabla fedha hizo hazijagawanywa. Lakini mkutano wa bajeti ukiitishwa, wangapi wetu huhudhuria? Twanung'unika kwenye foleni ya zahanati kwamba dawa hakuna, na siku ya kuulizwa hatupo.

Basi twashauri hivi. Kila tawi lichague watu wawili wa kuhudhuria mikutano ya bajeti na kuleta habari. Na wakati wa uchaguzi, kila atakaye kura zetu, awe daktari au fundi, aulizwe: mtaro wetu utazibuliwa lini, na dawa zitafika lini?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona. Twendeni tukauzibe.