Pampu Ikinyamaza



Pampu ya kisima iharibikapo kijijini, wa kwanza kuuonja uzito wake ni mama. Ndiye achukuaye dumu akayafuata maji mbali, na pengine huyateka dimbwini, maradhi yakaingia nyumbani.

Huko Kyuso, Kitui, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu dawa ya tatizo hili. Ndani ya mipini ya pampu za mkono walitia kifaa kidogo cha betri kiitwacho kihisi. Mpini upandapo na kushuka, kihisi huhesabu, kisha hupeleka habari kwa ujumbe mfupi wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi hujua pasi na kuitwa. Matengenezo yaliyokuwa yakingoja siku 27 kwa wastani yakawa ya siku chini ya 3. Baadaye utaratibu huo ulifika hapa kwetu Kwale.

Lakini kihisi hakikazi hata nati moja. Maji hurejeshwa na mikono ya fundi na fedha za vipuri. Wengi wetu huchimba kisima kwa nia ya sadaka jariya, tukakifungua kwa dua na picha, tukaondoka. Pampu ikilala mwezi mzima kwa kukosa kipande cha mpira, ni kipi kinachoendelea?

Basi tunaponuia kisima, tuweke na fungu la matengenezo, na daftari lake walishike akina mama.

Wabillahi tawfiq.