Mama akishatoka wodini, aulizwe

Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81 ya watoto huzaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya, kutoka 63 mwaka 2015/16. Vifo vya uzazi navyo vimeshuka mno. Pongezi kwa wakunga.

Lakini huku Morogoro, mama aliyepanda daladala Mzinga, au aliyeteremshwa na bodaboda kutoka milima ya Uluguru, hapimi huduma kwa takwimu. Hukumbuka kama pazia lilivutwa alipopimwa, kama alifokewa uchungu ulipomzidi, na kama huduma ya bure iliyoahidiwa na Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilikuja na orodha ya glovu za kununua.

Sanduku la maoni halitamsikia. Nani amlalamikie nesi atakayemzalisha tena? (Na ufunguo wa sanduku anao nani?) Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamfuate nyumbani arobaini ikiisha, wamuulize faraghani, na majibu yabandikwe hospitalini, mazuri na mabaya.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito awe na mtu amtakaye wakati wa kujifungua. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, bibi kuachwa getini ni ajabu. Mapazia yatundikwe, bibi aingie.