Meza ya sita au meza ya tisa? Tumuulize kwanza mwenye meza

Ndugu msomaji, vijana wanaocheza poka kwenye intaneti wana ubishi usiokwisha. Ipi bora, meza iliyojaa watu tisa au meza fupi ya watu sita? Anayependa meza fupi atakwambia kule mchezo umechangamka, hakuna kusinzia. Anayependa meza kubwa atakwambia mvumilivu hula mbivu. Wote wawili wanabishana juu ya karata. Mimi nasema wamemsahau mtu ambaye hashiki karata hata moja lakini anakula kila siku: mwenye meza.

Kwa wasioujua mchezo huu, poka si kama kubashiri mpira, ambako unashindana na kampuni. Hapa wachezaji wanachukuliana fedha zao wenyewe, na kampuni inakata asilimia fulani ya fungu linaloshindaniwa. Kwenye madau madogo kiwango kilichozoeleka ni kama asilimia 5, na kuna kikomo ambacho makato hayavuki. Kwenye kampuni nyingi, fungu likichukuliwa kabla ya zile karata tatu za wazi kuwekwa mezani, hakuna makato.

Mwaka 2003 Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee huko Marekani, alishinda dola milioni 2.5 kule Las Vegas baada ya kupata nafasi kupitia mashindano ya mtandaoni. Tangu hapo ndoto ni nyingi duniani. Wanaouliza habari ya makato ni wachache.

Sasa tupige hesabu ya kijiweni. Chukua meza ya vijisenti, ambapo dau kubwa la lazima ni senti 10 za dola na dogo ni senti 5. Tuseme karata zikigawiwa mara 100, mwenye meza anaondoka na dola 4. Mkiwa tisa, kila mmoja amechangia wastani wa senti 44. Mkiwa sita, ni senti 67. Mkibaki wawili, ni dola 2 kila mtu! Ni mfano tu, maana mafungu hayalingani kwenye kila meza. Lakini picha umeiona: mzigo ule ule, wabebaji wachache.

Kuna na la pili. Kwenye meza ya tisa, madau ya lazima yanakufikia mara 11 hivi katika migawo 100. Kwenye meza ya sita yanakufikia kama mara 16 au 17. Fedha hizo haziendi kwa kampuni, zinakwenda kwenye fungu, lakini zinakulazimisha kucheza karata ambazo kwenye meza kubwa ungezitupa. Ukicheza zaidi unaingia kwenye mafungu mengi zaidi, na kila fungu unaloshinda linapitiwa na mkasi. Tena meza fupi inakwenda haraka, kwa hiyo ndani ya saa moja mkasi unapita mara nyingi zaidi.

Fikiria upatu wetu wa mtaani. Kijumbe akiamua kukata shilingi 5 katika kila 100 kila mchango unapopokelewa, nani atakubali? Siku ya kwanza tu angefukuzwa. Kwenye kompyuta tunakubali kwa sababu hatumwoni anapokata.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: "Kampuni zinashusha kikomo cha makato watu wakiwa wachache." Ni kweli, nyingi zinafanya hivyo, hasa wakibaki wawili. Lakini kikomo kinamsaidia mwenye madau makubwa. Ikiwa kikomo ni dola 1 na makato ni asilimia 5, lazima fungu lifike dola 20 ndipo kikukinge. Kwenye meza yetu ya senti 10, fungu la dola 20 ni la kuhadithia wajukuu. Mnyonge analipa asilimia yake kamili karibu kila mara.

La pili: "Tunarudishiwa sehemu ya makato." Sawa, lakini ukirudishiwa asilimia 30 ujue 70 imeshaondoka. Marejesho makubwa maana yake umekatwa sana. Hiyo si zawadi, ni chenji yako.

La tatu ndilo lenye uzito. Mchezaji hodari anapata faida zaidi kwenye meza fupi, kwa sababu anakutana na wachezaji dhaifu mara kwa mara. Nakubali. Lakini swali si kama unawazidi wenzako. Swali ni kama unawazidi kwa kiasi kinachofidia makato. Mnaweza kukaa sita, mmoja akawazidi wenzake kidogo, na bado mwisho wa mwezi wote sita wakawa wamepoteza. Kwenye madau madogo hilo si ajabu hata kidogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye mtaji mdogo asikimbilie meza fupi kwa sababu imechangamka. Kwanza apige hesabu ya makato yake kwa kila migawo 100, na kama faida yake haizidi hapo, akae meza iliyojaa au aache kabisa. Na kampuni ziwajibike: zimwonyeshe kila mchezaji, kwa tarakimu kubwa, jumla aliyokatwa tangu ajiunge. Kompyuta zao zinajua hadi senti ya mwisho.

Kijana anayeacha kutafuta kazi akiamini poka ndiyo ajira ana haki ya kuijua tarakimu hiyo. Haba na haba hujaza kibaba, sawa. Ila tuulize kibaba hicho ni cha nani.

Naomba kutoa hoja.