Sili Inayovuja Isitupwe Kabla ya Kuchunguzwa

Pampu ianzapo kuvuja penye mhimili, amri itolewayo viwandani aghalabu ni moja: toeni sili, tieni nyingine. Sili mpya nayo ikivuja baada ya majuma machache, lawama humwangukia muuzaji. Kwa maoni yangu mwenendo huo ni kinyume cha sayansi, maana sili iliyoharibika ni shahidi, nasi twamtupa jalalani kabla hajahojiwa. Wakati huo huo fedha za kigeni zimetumika na mtambo umelala.

Sili ya namna hii ni pete mbili zinazotazamana, moja aghalabu ya kaboni, nyingine ya kauri ngumu. Moja huzunguka pamoja na mhimili, nyingine imetulia, na springi huzigandamiza. Kati yao hubaki utando wa kimiminika wenye unene wa karibu mikromita 1, hali unywele wa mtu una mikromita 70 hivi. Utando huo ndio unaolainisha na kupoza nyuso hizo. Kwa hiyo, tukitaka kusema kweli yote, kila sili huvuja. Iliyo nzima huvuja kidogo mno hata jicho lisione.

Swali la kwanza kwa shahidi wetu ni rahisi: je, pampu huvuja hata ikiwa imesimama? Kama ndivyo, tushuku nyuso zilizokwaruzika au pete ya mpira iliyochakaa. Ikivuja inapozunguka tu, tushuku mtetemo au joto. Kisha nyuso zenyewe zisomwe. Alama ya msuguano juu ya kauri ikiwa pana kuliko uso wa kaboni ulioisugua, mhimili unayumba: umepinda, au beringi zimekwisha, au mota na pampu hazikulinganishwa sawasawa. Nyufa zilizotawanyika kama miali ya jua zaonyesha kwamba pampu ilizungushwa bila maji. Mpira uliovimba ni habari ya kemia. Mpira wa EPDM hustahimili maji ya moto, lakini huvimba ukiguswa na mafuta ya mitambo. Fundi aipakaye pete hiyo grisi ya kawaida ili iteleze huwa ameiua kabla ya kuifunga.

Chanzo kingine huwa mbali kabisa na sili. Katika usawa wa bahari kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101 hivi, nayo haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, kipimo hicho hushuka hadi kilopaskali 83 hivi, yaani mita 8.4 za maji. Pampu inayofyonza maji salama Tanga yaweza, ikipandishwa Mbeya kwa mpango ule ule, kukosa kanieneo ya kutosha mlangoni mwake. Maji hufanya viputo vya mvuke, viputo hupasuka, mhimili hutetemeka, na nyuso za sili huachana. Hapo hata sili kumi mpya hazitafaa kitu mpaka pampu ishushwe karibu na maji au bomba la kufyonzea lipanuliwe.

Mwalimu wa fizikia aweza kuyafundisha haya bila maabara ya gharama. Aombe kiwandani sili kuukuu, ambayo haina tena bei, wanafunzi waipime alama ya msuguano kwa rula, kisha wabishane juu ya kilichokuwa kimepinda.