Kuhusika si Kuhusishwa: Sheria za Ugaidi na Kitambulisho cha Kijana wa Kibera

Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili anafahamu kwamba kitenzi ‘husu’ huzaa ‘husika’ na pia ‘husishwa’, na kwamba maneno haya mawili hayabebi mzigo mmoja. Anayehusika na uhalifu ana mkono wake ndani; anayehusishwa nao ametiwa ndani na mwingine, kwa haki au kwa dhuluma. Sheria zinazowanyima watu ‘wanaohusishwa na ugaidi’ ruhusa ya kuingia nchini, hifadhi ya ukimbizi au uraia husimama au huanguka juu ya tofauti hiyo.

Hapana anayekana kwamba Kenya ina sababu ya kujihami. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliwaua watu 213 jijini Nairobi. Shambulio la Westgate mnamo Septemba 2013 liliwaua 67, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, likawaua 148, wengi wao wanafunzi. Hata Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 humnyima hifadhi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba ametenda uhalifu mkubwa. Mlango wa taifa sharti uwe na bawabu. Suala ni kipimo anachokitumia bawabu huyo.

Kipimo kikilegea, wanaonaswa si magaidi pekee. Nchini Marekani, sheria za 2001 na 2005 zilipanua maana ya kuusaidia ugaidi hata wakimbizi waliolazimishwa kwa mtutu wa bunduki kuwapa wapiganaji chakula au fedha wakakataliwa hifadhi. Aliyemkimbia gaidi akahesabiwa kuwa mwenzake. Nchini Kenya, operesheni ya usalama ya Aprili 2014 iliwakamata maelfu ya watu, hasa Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Desemba mwaka huo ilipitishwa sheria iliyotaka wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000, kana kwamba ugaidi hupimwa kwa idadi ya vichwa. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho Februari 2015.

Hata hivyo, shaka haikomei kwa mgeni. Humfikia mwenyeji aliyefanywa mgeni. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari kutoka Sudan walioitumikia serikali ya kikoloni na kupewa makao Kibra mwanzoni mwa karne ya 20. Kijana wa Kawangware ambaye kabila lake halitiliwi shaka hufikapo umri wa miaka 18 huhitaji cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi na sahihi ya chifu. Kwa miongo mingi, rika lake Mnubi, aliyezaliwa mwendo mfupi tu kutoka hapo, alilazimika kupigwa msasa: kufika mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa serikali na kudaiwa stakabadhi za wazazi, hata za mababu. Msasa huo ulitangulia tishio la ugaidi, lakini hofu ya ugaidi ndiyo iliyoupa hoja mpya. Na bila kitambulisho hakuna kura, hakuna M-Pesa, hakuna mkopo wa HELB wala ajira rasmi. Mwaka 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia.

Je, msasa wa kikabila huzuia ugaidi? Mmoja wa waliowaua wanafunzi wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu. Stakabadhi hazikukosekana. Kilichokosekana ni upelelezi wa matendo yake, na upelelezi wa namna hiyo haufanywi kwa kuuliza jina la babu.

Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa maalumu kwa wakazi wa kaunti za mpakani umekomeshwa. Tangazo ni jambo jema, lakini tangazo si sheria. Linaweza kupingwa au kutanguliwa. Ibara ya 47 ya Katiba inampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya usajili wa watu na ya uhamiaji sharti izame hapo: mwenye kunyimwa aelezwe ametenda nini, kwa ushahidi gani, na akate rufaa wapi.

Wataalamu wa Kiswahili nao wana wajibu. Vyombo vya habari vinapomwita mshukiwa ‘gaidi’ kabla ya hukumu, lugha imetangulia mahakama. Kiswahili kimeshatoa maneno mawili kwa mambo mawili. Watunga sheria na wanahabari wasiyafanye moja, kwani gharama ya kosa hilo hulipwa na kijana wa Kibera ambaye hajatenda lolote ila kuzaliwa.